Kura ya Kununua Si Kura

Kila mwaka, msimu wa mashindano ya vipaji unapowadia, mambo ya aina moja hujirudia katika miji yetu. Vijana huanza kupanga foleni tangu alfajiri, wengine wakiwa wametoka wilaya za mbali kwa nauli ya kukopa. Jioni familia hukusanyika mbele ya televisheni, na asubuhi yake hakuna kijiwe cha kahawa kisichojadili nani aliimba na nani alipiga kelele. Mwandishi wa safu hii ni mmoja wa wapenzi wa mashindano hayo, wala haoni haya kusema hivyo. Ni kwa sababu ya mapenzi hayo ndipo tunaona hatuna budi leo kusema neno juu ya jambo moja linaloharibu mchezo huu mzuri, nalo ni kura inayonunuliwa.

Yafaa kwanza tuwajibu wale wanaodai kwamba mashindano haya ni upuuzi tulioletewa na televisheni za kigeni. Ni kweli kwamba sura yake ya sasa ilibuniwa Uingereza, ambako kipindi cha Pop Idol kilianza mwaka 2001, na mwaka uliofuata kikazaa American Idol huko Marekani. Lakini kushindana kwa sauti na kwa ngoma hatukufundishwa na mtu. Miji ya pwani ilizijua beni za Marini na Arinoti tangu enzi za wakoloni, na kila upande ulikuwa na wafuasi walioteketeza fedha kwa sare na karamu ili upande wa pili uonekane si kitu. Dar es Salaam ilikuwa na Egyptian na Al-Watan. Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star. Na huko Unguja Ikhwan Safaa, chama kilichoundwa mwaka 1905, hakikukosa wa kushindana naye. Washairi nao walijibizana kwa beti magazetini, na wasomaji wakawa ndio waamuzi. Televisheni, iliyoanza Zanzibar mwaka 1974 na Bara mwaka 1994, imekuja kuupanua uwanja huo tu. Mchezo wenyewe ni wa kwetu tangu zamani.

Wala faida zake si za kubeza. Mashindano ya Tusker Project Fame, yaliyofanyika mara sita kati ya mwaka 2006 na 2013, yaliwakutanisha vijana wa Afrika Mashariki katika nyumba moja, wakala pamoja na kuimba pamoja. Washindi wake walikuwa Valerie Kimani na Ruth Matete wa Kenya, Esther Nabaasa na Davis Ntare wa Uganda, Alpha Rwirangira wa Rwanda na Hope Irakoze wa Burundi. Tanzania haikupata taji hata moja, lakini ilipata kitu kingine: watoto wetu walijifunza kumshangilia jirani. Hapa nyumbani Bongo Star Search, iliyoasisiwa na Ndugu Rita Paulsen, imewafungulia mlango vijana ambao pengine wangeishia kuimba harusini mtaani kwao. Walter Chilambo alishinda mwaka 2012, na Kayumba Juma mwaka 2015. Peter Msechu hakushinda mwaka 2009, lakini jina lake limedumu kuliko majina mengi. Nandy naye alikwenda Lagos mwaka 2016 akarudi na nafasi ya pili, na mwaka uliofuata akatunukiwa tuzo ya AFRIMA ya mwimbaji bora wa kike wa Afrika Mashariki.

Nje ya hapa hali ni hiyo hiyo. Mwezi Aprili 2009 Waingereza walimwona Susan Boyle, mwanamke kutoka mji mdogo wa Blackburn huko Scotland, ambaye umri wake ulikuwa unakaribia miaka hamsini na mavazi yake hayakuwa ya jukwaani. Watu ukumbini walimcheka kabla hajafungua kinywa. Alipoimba, waliomcheka walisimama kumpigia makofi. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo kazi kubwa ya mashindano haya: kumpa mtu asiye na mjomba ofisini dakika tatu za kusikilizwa. Maskini hana jukwaa jingine linalomsikiliza nusu ya hapo.

Basi ikiwa jambo lenyewe ni jema, kasoro iko wapi? Iko katika mizani. Mshiriki anaambiwa kwamba ataamuliwa na watu, kisha watu hao wanaambiwa wapige kura kadiri wapendavyo. Katika uchaguzi wa kweli, uwe wa tawi au wa kijiji, mtu mmoja hupewa karatasi moja, na karatasi huhesabiwa mbele ya mawakala wa pande zote. Tajiri na mchunga mbuzi hutoka katika chumba cha kura wakiwa sawa. Lakini katika mashindano ya televisheni mwenye salio kubwa ana kura nyingi, na asiye na salio hana hata moja. Neno ni lile lile, kura, ila kilichomo ndani yake ni kitu kingine kabisa.

Tuchukue mfano ulio wazi. Mwezi Mei 2012, katika fainali ya American Idol ambayo Phillip Phillips alimshinda Jessica Sanchez, ilitangazwa kwamba zimepigwa kura 132,000,000. Watazamaji wa kipindi hicho hawakufika 25,000,000. Maana yake ni kwamba kila mtazamaji, pamoja na babu aliyesinzia kitini na mtoto wa mgongoni, alipiga kura zaidi ya tano. Na huko zilikuwepo namba za simu za bure. Waliopiga mara mia walitumia muda wao, si fedha zao. Ikiwa kura za bure zinaweza kuvimba kiasi hicho, je, itakuwaje pale ambapo kila ujumbe mmoja unakatwa shilingi, na familia moja ina duka la jumla huku nyingine ikiuza maandazi?

Tunajua kwamba katika mashindano ya namna hiyo mambo hugeuka. Mshiriki huacha kufanya mazoezi ya sauti akaanza kutafuta wafadhili wa vocha. Ndugu huitishwa kikao, na ukoo huchangishwa kama wa msiba. Wafanyabiashara wa mji wake huombwa walinde heshima ya mkoa. Kijana wa kijijini, ambaye mama yake hana hata simu, anatolewa katika wiki ya tatu, kisha tunaambiwa kwamba wananchi wameamua. Wananchi gani? Yafaa mtu atuambie.

Wako watakaotujibu kwamba kulipa ni sehemu ya mapenzi, na kwamba katika taarabu tangu zamani mwenye kupendezwa huinuka akamtunza mwimbaji. Hoja hii ina sura ya kweli, lakini haisimami. Anayetunza hutembea mpaka mbele ya jukwaa akionwa na ukumbi mzima, na noti yake humwendea mwimbaji mwenyewe au kikundi chake. Tena noti hiyo haiamui nani kaimba vizuri. Imepata kutokea mara nyingi mwimbaji akatunzwa sana kwa sababu ya uzuri wa gauni lake au wingi wa mashoga zake, na bado watu wakaondoka wakisema kwamba usiku ule sauti ilikuwa ya mwenzake. Fedha ya vocha haina sifa hizo. Hutoka gizani, nyingi yake huishia kwa mwandaaji na kwa kampuni ya simu, na ndiyo inayotoa hukumu. Kutunza ni zawadi. Huku ni kununua cheo.

Kura za namna hii zina hatari nyingine: kwa kuwa ni biashara, huvutia udanganyifu. Katika tuzo za wachekeshaji za Uingereza za mwaka 2005, watazamaji walipiga simu kuchagua kipindi wakipendacho. Tuzo ilitolewa kwa Ant na Dec, na miaka mitatu baadaye ikafahamika kwamba aliyekuwa na kura nyingi ni Catherine Tate. Wapokeaji wenyewe hawakujua lolote, na waliirudisha tuzo. Mwezi Mei mwaka huo wa 2008, chombo kinachosimamia utangazaji nchini humo kiliitoza kampuni ya ITV faini ya pauni 5,675,000 kwa sababu ya simu za kulipia katika vipindi vyake kadhaa, ambako watu walilipa na sauti zao hazikuhesabiwa. Wenzetu hao wana sheria za zamani na wakaguzi waliosomea kazi, na bado haya yaliwapata.

Korea Kusini nako kuna funzo kubwa zaidi. Mwaka 2019, mashindano ya Produce X 101 yalipomalizika, hesabu za kura za washiriki zilitangazwa. Mashabiki walikaa na kalamu wakazitoa namba hizo moja kwa nyingine. Wakagundua kwamba tofauti ya kura 29,978 inajirudia mara kadhaa baina ya washiriki mbalimbali, jambo ambalo haliwezi kutokea kwa bahati. Polisi wakaingia kazini. Mwaka 2020 mtayarishaji wa kipindi hicho, Ahn Joon-young, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili, na ikathibitika kwamba hata misimu ya nyuma ilichezewa. Tunaomba msomaji alitazame jambo hili kwa makini. Wizi ule ulionekana kwa sababu namba zilitangazwa. Kama mtangazaji angesema tu kwamba mshindi ni fulani, kisha muziki ukapigwa na karatasi za rangi zikamwagwa kutoka juu, hakuna ambaye angejua hadi leo.

Nasi katika ukanda wetu tumezoea mno hayo ya karatasi za rangi. Mara nyingi hutajwa jina la mshindi, hutajwa kitita cha zawadi, hutajwa wafadhili mmoja baada ya mwingine, na hesabu ya kura haitajwi. Baada ya hapo hufuata lawama za wiki nzima. Huyu amependelewa kwa sababu ya kabila lake, yule kwa sababu ya mwandaaji, mwingine kwa sababu ya nchi yake. Pengine hakuna hata moja lililo kweli. Lakini pasipo na hesabu, kila mwenye kinywa huandika hesabu yake, na anayeumia zaidi ni mshindi wa halali, maana anavikwa taji lililotiwa shaka tangu usiku wa kwanza.

Tusidhani pia kwamba kura za watu, hata zikiwa safi, zinajua kila kitu. Mwezi Aprili 2004, huko Marekani, waimbaji watatu waliohesabiwa kuwa hodari kuliko wote walijikuta siku moja ndio wenye kura chache, na mmoja wao, Jennifer Hudson, akaondolewa akiwa wa saba. Mwaka 2007 mwanamke huyo alipokea tuzo ya Oscar kwa uigizaji wake katika filamu ya Dreamgirls. Susan Boyle naye alishindwa na kikundi cha wachezaji cha Diversity, na miezi sita baadaye santuri yake ikaongoza kwa mauzo Uingereza na Marekani. Wengi hupenda kile walichokipenda usiku ule. Mwamuzi mwenye elimu ya sauti husikia kinachokuja. Kwa hiyo wote wawili wanahitajika, na kila mmoja apewe nafasi inayojulikana.

Mashindano ya nyimbo ya Eurovision, yanayofanyika tangu mwaka 1956, yamejaribu njia nyingi katika jambo hili. Kwa muda yaliachia kura za simu peke yake, na malalamiko yakazidi kwamba majirani wanapeana. Tangu mwaka 2009 fainali imechanganya alama za waamuzi na za watazamaji nusu kwa nusu, hakuna nchi inayoweza kujipigia kura yenyewe, na alama husomwa hadharani mpaka mwisho. Mwaka 2016 waamuzi waliiweka Australia mbele, watazamaji wakaiweka Urusi, na jumla ya alama ikampa ushindi Jamala wa Ukraine, ambaye hakuwa wa kwanza upande wowote. Waliokasirika walikuwepo, lakini kila mmoja aliweza kuchukua karatasi akajumlisha mwenyewe. Hiyo ni haki ya mshabiki.

Tena hatuna haja ya kusafiri hadi Ulaya kutafuta waamuzi wa mfano. Aliyepita chuoni anajua mashindano ya kusoma Kurani yanavyoendeshwa. Kanuni za tajwidi zinajulikana na msomaji na msikilizaji kabla ya siku yenyewe: herufi itoke mahali pake, madda ivutwe kiasi chake, kituo kiwe pale panapostahili kituo. Anayekosea hupunguziwa alama kwa kosa linaloweza kutajwa jina. Hakuna anayepata alama kwa sababu baba yake ana magari. Basi kwa nini mwimbaji wa muziki apimwe kwa maneno kama vile umenigusa, hujanigusa, nimekupenda, sijakuelewa? Sauti ina kanuni zake: ufunguo, pumzi, matamshi, mapigo. Mwamuzi anayelipwa azitaje, ili hata aliyetolewa arudi nyumbani na kitu cha kujifunza badala ya kejeli tu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye sherehe za tuzo, maana nazo zina mizani yake iliyopinda. Tuzo za muziki za Kilimanjaro zilitupa usiku wa kukumbukwa, ukiwemo ule wa mwaka 2014 ambapo Diamond Platnumz alichukua tuzo saba. Baada ya mwaka 2015 zilinyamaza, na mwaka 2022 serikali ikazirejesha kupitia BASATA. Tulifurahi, na tunaendelea kufurahi. Lakini mtu anayetazama sherehe za tuzo, za kwetu na za wenzetu, hukuta jambo la ajabu. Mwimbaji aliyeteuliwa kuwa bora hupanda jukwaani, na sauti inayosikika ni ya santuri. Yeye hufungua na kufumba mdomo tu. Vijana wanaiita plebeki. Sisi tunauliza, hivi tumekuja kumpongeza mwimbaji au kumpongeza fundi wa mitambo?

Dunia ilikwisha pata aibu yake katika hili. Mwezi Februari 1990 vijana wawili wa kundi la Milli Vanilli walipewa tuzo ya Grammy ya wasanii wapya bora. Mwezi Novemba mwaka huo huo walinyang'anywa, baada ya mtayarishaji wao kukiri kwamba sauti zilizo katika santuri si zao. Linganisha na mambo mawili yaliyotokea katika sherehe hizo hizo za Grammy. Mwaka 1998 Luciano Pavarotti aliugua saa za mwisho, na Aretha Franklin, mwimbaji wa muziki wa soul, akaombwa azibe pengo. Aliimba wimbo wa opera ulioandaliwa kwa sauti ya mwanamume yule, kwa matayarisho yasiyofika saa moja, na ukumbi mzima ukasimama. Mwaka 2017 Adele alikuwa akimwimbia marehemu George Michael, akaona ameanza vibaya. Alisimamisha wapigaji, akaomba radhi, akaanza upya. Hakuna aliyemcheka. Kosa lile lilikuwa hati ya kwamba anaimba kweli.

Hatusemi kwamba mchezaji anayeruka huku na huko asisaidiwe na waitikiaji, wala hatusahau kwamba waimbaji wetu wengi hukimbilia santuri kwa kuogopa vipaza sauti vibovu. Hilo ni kosa la waandaaji, ambao hununua zulia jekundu na taa za kuzunguka, kisha wakakodi mitambo ya sauti ya bei ya chini kabisa. Sherehe ya muziki ianze na sauti. Zulia lingoje.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, nayo hayahitaji fedha nyingi ila nia njema. Kwanza, kila namba ya simu ihesabiwe kura moja kwa kila hatua ya mashindano, na anayetaka kumsaidia mshiriki kwa fedha amtunze waziwazi, fedha zimfikie mwenyewe. Pili, hesabu zote za kura, pamoja na alama za waamuzi, zitangazwe usiku ule ule na zichapishwe magazetini kesho yake, zikiwa zimehakikiwa na mkaguzi asiye na maslahi katika mashindano. Tatu, atakayeimba katika fainali au katika sherehe ya tuzo aimbe kwa sauti yake, na mwandaaji alazimike kumpa mitambo inayofaa. Nne, mkataba anaotiwa sahihi kijana wa miaka kumi na tisa uandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, asomewe mbele ya mzazi au mlezi wake, na nakala abaki nayo. BASATA na wenye mamlaka ya mawasiliano wana uwezo wa kuyafanya haya kuwa masharti ya kibali.

Waandaaji wataona kwamba kura moja kwa kila simu itawapunguzia mapato. Ni kweli, itapunguza. Lakini mashabiki wakishaamini kwamba taji linauzwa, hawatatuma hata huo ujumbe mmoja, na wafadhili watakwenda kwingine pamoja nao. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijana mwenye sauti njema aachwe ajiuze kwa sauti hiyo mbele ya watu walio sawa, mwenye duka na muuza maandazi, kila mmoja na kura yake moja. Akishinda tumshangilie bila shaka moyoni, na akishindwa aonyeshwe hesabu, aende akafanye mazoezi, arudi mwakani.